Mwanamke aliyeanzisha Siku ya Mama, kisha akataka ifutwe

Mwaka huu wa 2026 Jumapili ya pili ya Mei inaangukia tarehe 10. Ndiyo tarehe, na ndiyo siku ya wiki, ambayo mwaka 1908 watu 407 waliingia katika kanisa la Methodisti la Andrews mjini Grafton, jimbo la West Virginia nchini Marekani, kwa ibada inayohesabiwa leo kuwa Siku ya Mama ya kwanza. Waumini waligawiwa maua meupe ya kaneshini, yale yenye harufu inayokaribiana na ya karafuu. Yalikuwa 500. Aliyeyatuma hakuwepo kanisani. Alikuwa Philadelphia, na salamu zake zilifika kwa telegramu.

Jina lake ni Anna Jarvis. Miaka 40 baada ya ibada ile alifariki katika nyumba ya wagonjwa, kipofu na hana mali, baada ya kutumia miaka michache kuipigania siku hiyo izaliwe na miaka mingi zaidi kuipiga vita.

Kisa hiki hakisimuliwi sana huku kwetu, ingawa kila ikifika Mei maduka ya keki hubandika matangazo, kampuni za simu hutangaza ofa, na kwaya za akina mama hupita kanisani na sare mpya. Tunaiita Siku ya Mama Duniani, na hali dunia haijawahi kukubaliana tarehe yake. Wanahistoria nao walichelewa kumtafuta Anna Jarvis. Aliyemfuatilia kwa undani ni Katharine Lane Antolini wa chuo cha West Virginia Wesleyan, aliyechapisha mwaka 2014 kitabu kuhusu siku hii na mivutano ya nani aimiliki. Kwa mtazamo wake, ambao makala haya yanaufuata kwa sehemu kubwa, habari ya Siku ya Mama ni habari ya wanawake wawili, mama na bintiye, na yule mama ndiye aliyesahaulika zaidi.

Ann Reeves Jarvis alizaliwa mwaka 1832, akaolewa katika milima ya Appalachia, sehemu ambayo wakati huo watoto walikufa kama inzi. Alizaa zaidi ya watoto kumi. Waliofika utu uzima ni wanne tu. Wengine walichukuliwa na surua, homa ya matumbo na dondakoo. Mwanamke huyu hakubaki kulia. Mwishoni mwa miaka ya 1850, akiwa bado anazaa na kuzika, aliwakusanya wanawake wa Grafton, Webster, Philippi na miji mingine ya jirani akaunda vikundi vya kazi vya akina mama. Kaka yake, James Reeves, alikuwa daktari aliyejulikana kwa kupambana na homa ya matumbo, naye akawa anawafundisha usafi.

Kazi ya vikundi hivyo ingeeleweka mara moja kwa mhudumu yeyote wa afya ya jamii wa leo. Walichanga fedha za kununulia dawa. Walikagua maziwa yanayouzwa. Walipita nyumba kwa nyumba kuelekeza namna ya kuchemsha maji na kutupa taka, na pale mama wa nyumba alipokuwa na kifua kikuu walimlipa mwanamke mwingine amsaidie kulea na kupika. Hakukuwa na ua, kadi wala keki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, eneo linaloitwa leo West Virginia lilikuwa mpakani, na ndugu walijikuta katika majeshi mawili yanayopigana. Ann Jarvis alivitaka vikundi vyake visiegemee upande wowote, viwauguze na kuwalisha askari wa Kaskazini na wa Kusini sawasawa. Vita vilipokwisha chuki haikwisha, na mwaka 1868 akaitisha mkutano wa urafiki wa akina mama katika mahakama ya Pruntytown, akizialika familia za pande zote mbili. Wenye mji waliogopa kwamba risasi zingelia. Kilichotokea ni watu wazima kulia na kupeana mikono.

Mwaka 1876 Ann alikuwa akifundisha shule ya Jumapili katika kanisa lile la Andrews. Baada ya somo kuhusu mama wa kwenye Biblia, aliomba kwa sauti kwamba siku moja atokee mtu wa kuanzisha siku ya kukumbuka kazi ya akina mama kwa binadamu wote. Bintiye Anna, aliyekuwa na miaka 12, alikuwa amekaa pale akisikiliza. Mama alifariki tarehe 9 Mei 1905, na familia husimulia kwamba Anna aliapa kaburini kuitimiza sala ile.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kupinda, na Antolini anapasisitiza sana. Mama aliomba siku ya akina mama wengi, wanaofanya kazi kwa ajili ya jamii nzima. Binti alianzisha siku ya mama mmoja, mama yako wewe, anayeheshimiwa na watoto wake nyumbani. Anna hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Alimtazama mama kwa jicho la mtoto, hakuwa na jicho jingine.

Alikuwa na kipaji cha kutangaza. Philadelphia alifanya kazi katika kampuni ya bima ya maisha, upande wa uandishi na matangazo, na alijua barua nzuri inavyomfikia mtu mkubwa. Aliwaandikia magavana, maaskofu, wahariri na matajiri. Mmoja wa walioitikia ni John Wanamaker, mfanyabiashara aliyekuwa na duka kubwa kuliko yote mjini. Siku ile ile ya Mei 1908 Wanamaker alitoa ukumbi wa dukani kwake wenye nafasi 5,000, na waliofika walikadiriwa kuwa 15,000. Kwa hiyo Siku ya Mama ilizaliwa mahali pawili kwa siku moja, kanisani na dukani, na ugomvi wote uliofuata ulikuwa tayari umo ndani ya tarehe hiyo.

Wanasiasa waliikebehi mwanzoni. Seneta Elmer Burkett wa Nebraska alipowasilisha hoja mwaka huo huo, wenzake waliuliza kama baadaye watatakiwa kutenga na siku ya mama mkwe. Mwingine aliona ni tusi, kana kwamba yeye anahitaji sheria ndipo amkumbuke mama yake. Lakini majimbo yaliikubali moja baada ya jingine, West Virginia ikiwa miongoni mwa ya mwanzo mwaka 1910, na mwezi Mei 1914 Bunge la Marekani lilipitisha azimio. Rais Woodrow Wilson alilitangaza tarehe 9 Mei, miaka tisa kamili tangu Ann Jarvis afariki.

Anna alikuwa ameacha kazi, ameunda chama chake cha kimataifa cha Siku ya Mama, na amelisajili jina la siku hiyo kisheria kama mali ya chama. Aliamini kwa dhati kwamba siku ile ni yake. Wauza maua hawakuamini hivyo.

Alilichagua ua jeupe la kaneshini kwa sababu mama yake alilipenda. Wauza maua walilipokea kwa mikono miwili, kisha kila Mei likaanza kuadimika na kupanda bei. Ndipo wakabuni utaratibu mpya: jeupe kwa aliyefiwa na mama, jekundu au la rangi nyingine kwa ambaye mama yake yu hai. Biashara ikatanuka. Wakafuata watengeneza peremende, kisha wachapishaji wa kadi. Anna alizichukia kadi zenye maneno yaliyochapwa tayari kuliko kitu kingine chochote. Kwake, mtoto anayenunua kadi ni mvivu asiyeweza kumwandikia barua mwanamke aliyemfanyia mengi kuliko mtu yeyote duniani. Kuhusu sanduku la peremende alisema waziwazi kwamba mtoto humpelekea mama, kisha akala nyingi mwenyewe. Hapo alikuwa na hoja.

Wafanyabiashara aliwapachika majina katika taarifa zake kwa magazeti: matapeli, majambazi, maharamia, watekaji nyara, mchwa. Alitishia kesi kila upande. Inasimuliwa kwamba aliingia katika mgahawa wa duka la Wanamaker, yule yule mfadhili wake wa zamani, akakuta kwenye orodha ya vyakula kuna "saladi ya Siku ya Mama". Akaiagiza. Ilipoletwa, alisimama, akaimwaga sakafuni, akaweka fedha mezani na kuondoka.

Mwaka 1923 aliuvamia mkutano wa wauza peremende mjini Philadelphia. Mwaka 1925 aliuvamia mkutano wa chama cha akina mama wa askari wa Marekani, waliokuwa wakiuza kaneshini nyeupe kuchangisha fedha, na safari hii polisi walimtoa kwa nguvu na kumkamata kwa kuvuruga amani. Picha inashangaza kidogo: mwanzilishi wa Siku ya Mama anakamatwa kwa kuwafanyia fujo akina mama. Lakini chama kile kilikuwa kimemgusa donda jingine. Kilimtambua Frank Hering, kocha wa zamani wa mpira wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, kuwa "baba" wa Siku ya Mama, kwa kuwa alitoa hotuba mjini Indianapolis mwaka 1904 akitaka siku ya namna hiyo iwekwe. Anna alijibu kwa tamko la kuwauliza Wamarekani kama wako tayari kushiriki katika utekaji nyara wa Siku ya Mama.

Hata Eleanor Roosevelt, mke wa rais, hakusalimika. Miaka ya 1930 alishiriki kampeni za kuitumia siku hiyo kuchangia afya ya wajawazito na watoto wachanga waliokuwa wakifa kwa umaskini. Anna akamshutumu kwa njama. Mwaka 1934 posta ilipotoa stempu ya senti tatu yenye mchoro mashuhuri wa James Whistler wa mama yake, na kuongeza chombo cha kaneshini pembeni, Anna alilalamika kwamba serikali inawatangazia wauza maua.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusita kabla ya kumfanya shujaa. Kuwapiga vita wauza peremende ni jambo moja. Kumzuia anayechangia wajawazito maskini ni jambo jingine, hasa ukikumbuka kwamba kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mama yake mzazi kabla yeye hajazaliwa. Anna alililinda jina Siku ya Mama kwa ukali, na katika kulilinda akaifungia nje kazi ya Ann Jarvis.

Jarida la Newsweek liliandika mwaka 1944 kwamba alikuwa na kesi 33 mahakamani. Urithi alioachiwa na kaka yake uliishia humo. Alionekana akipita nyumba kwa nyumba Philadelphia akitafuta sahihi za kutaka siku hiyo ifutwe kabisa. Akili na macho vilipomchoka alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa ya Marshall Square huko West Chester, Pennsylvania, na baadhi ya gharama zake, bila yeye kujua, zililipwa na watu wa biashara ya maua na kadi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1948, akiwa na miaka 84.

Wakati anapigana kwake, siku yenyewe ilishavuka bahari, na kila ilipofika ilishonewa vazi la wenye nchi.

Uingereza ilikuwa na desturi yake ya kale, Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambapo vijana waliopelekwa kufundishwa kazi na wasichana watumishi waliruhusiwa kurudi kwao, wengine wakibeba keki ya lozi. Ilikuwa inafifia. Mwaka 1913 Constance Smith, binti wa kasisi wa Nottinghamshire, alisoma gazetini habari za Anna Jarvis, akaona Wamarekani wasiwafundishe Waingereza kuwaheshimu mama, akaanza kampeni ya kufufua ile ya kale. Ndiyo maana London huadhimisha Machi ilhali Nairobi, iliyotawaliwa na London, huadhimisha Mei.

Ujerumani ililetewa siku hii na chama cha wauza maua mwaka 1923, bila aibu. Utawala wa Hitler ukaigeuza kiwanda cha askari: msalaba wa heshima ulioanzishwa Desemba 1938 uligawiwa kwa hesabu ya watoto, shaba kwa wanne au watano, fedha kwa sita au saba, dhahabu kuanzia wanane. Ufaransa, iliyopoteza vijana wengi mno katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilianza na medali za akina mama wenye watoto wengi mwaka 1920, Marshal Pétain akaikumbatia siku hiyo wakati wa utawala wa Vichy, na sheria ya mwaka 1950 ikaiweka Jumapili ya mwisho ya Mei. Huko Bolivia ni tarehe 27 Mei, kuwakumbuka wanawake wa Cochabamba waliopambana na jeshi la Hispania mwaka 1812. Indonesia ni tarehe 22 Desemba, siku ulipofunguliwa mkutano mkuu wa kwanza wa wanawake huko Yogyakarta mwaka 1928. Thailand ilichagua tarehe 12 Agosti, siku ya kuzaliwa Malkia Sirikit.

Mexico inastahili maneno zaidi. Mwaka 1922 wanawake wa Yucatán walikuwa wakigawa kijitabu cha kuelimisha uzazi wa mpango, gavana wa jimbo akiwaunga mkono. Magazeti ya mji mkuu yakashtuka. Rafael Alducin, mwenye gazeti la Excélsior, akajibu kwa kuanzisha Siku ya Mama tarehe 10 Mei ili kumtukuza mwanamke anayezaa, na Kanisa Katoliki likamuunga mkono. Siku hiyo imekuwa kubwa kuliko nyingi huko. Lakini tangu mwaka 2012 kila tarehe 10 Mei mama wa watu waliopotezwa na magenge na vyombo vya dola huandamana katika Jiji la Mexico, picha za watoto wao vifuani, wakisema kwamba hawana cha kusherehekea. Mwaka huu maandamano yao yanaangukia Jumapili moja na keki zetu.

Kwa Waswahili wa Maskati na nchi za Ghuba, Siku ya Mama ni tarehe 21 Machi, na hiyo imetoka Misri. Mwandishi Mustafa Amin na pacha wake Ali, wenye gazeti la Akhbar al-Yom, waliipendekeza baada ya kusikia kisa cha mjane aliyemlea mwanawe peke yake hadi akawa daktari, na daktari alipooa akampa mama kisogo. Wasomaji waliandika barua kwa wingi, wakachagua siku ya kwanza ya majira ya machipuo, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1956, miaka 70 iliyopita. Mwaka 1965 serikali ya Nasser ilimfunga Mustafa Amin kwa tuhuma za ujasusi, na ikajaribu kuipa siku yake jina la Siku ya Familia. Jina halikushika. Wapo masheikh, Pwani ya Afrika Mashariki na hata Ghuba, wanaoikataa siku hii kwa hoja kwamba Mtume alimtaja mama mara tatu kabla ya baba, hivyo haki yake ni ya kila siku na haitaki kalenda. Anna Jarvis wa mwanzo angebishana nao. Yule wa mwisho huenda angekubaliana nao.

Kwetu Kenya na Tanzania siku hii si sikukuu ya kitaifa. Iliingia kimyakimya kupitia makanisa, kisha redio, kisha simu, na ikakuta tayari kuna njia za kumtukuza mama: kanga yenye maneno ya mama haijawahi kukosa mnunuzi. Umoja wa Mama wa Kianglikana, ulioanzishwa na Mary Sumner huko Hampshire, Uingereza, mwaka ule ule wa 1876 wa sala ya Grafton, una siku yake, tarehe 25 Machi. Wenye uhusiano wa karibu zaidi na Siku ya Mama ya Ulaya ni wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha, wengi wao wanawake, ambao kila mwaka, kabla ya ile Jumapili ya Kwaresima ya Waingereza, huchuma na kufunga waridi zitakazopandishwa ndege usiku Nairobi ili mama wa Manchester apate ua asubuhi.

Marekani kwenyewe, chama cha wauzaji wa rejareja kilikadiria kuwa wananchi wangetumia dola bilioni 35.7 kwa siku hii mwaka 2023. Kanisa la Andrews limehifadhiwa kama mahali pa kumbukumbu. Vikundi vya kukagua maziwa havina sherehe popote.

Na hapo ndipo kuna la kufanya. Utafiti wa taifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa miaka ya 2015 na 2016. Ni hatua ya kujivunia, na bado ni wanawake 104 kwa kila vizazi hai 100,000 waliokwenda kuzaa wasirudi. Vikundi vya akina mama vinavyochangisha sasa hivi kwa ajili ya sare na keki ya tarehe 10 Mei bado vina muda. Vitenge sehemu ya mchango huo, viende zahanati ya kata, vimuulize mkunga kuna upungufu wa nini.